Kikombe cha Upande Mmoja

Kila asubuhi, kabla wageni hawajaingia, Rula alipiga magoti mbele ya meza ya mviringo, akafumba jicho moja na kutazama maji. Majagi mawili ya kioo yalisimama pande mbili za meza, na ilikuwa kazi yake kuhakikisha kwamba maji ya hili hayazidi ya lile hata kwa upana wa ukucha. Yakizidi, aliyapunguza kwa kijiko. Kiti kikisogea karibu na meza kuliko cha upande wa pili, alikirudisha nyuma. Kalamu zote zilitazama dirishani. Maua hayakuwekwa kabisa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupata mashada mawili yasiyoshindana.

Nyumbani alikuwa na jina lingine, lakini hapa Nyumba ya Mikutano walimwita Rula tangu wiki yake ya kwanza, kwa sababu ya rula ya chuma iliyokaa daima kwenye mfuko wa aproni yake. Alikuwa amesomea uhusiano wa kimataifa. Alipofika wizarani na cheti chake, nafasi pekee iliyokuwa wazi ni ya mhudumu wa ukumbi, naye akaipokea bila kununa. Aliamini kwa moyo wote kwamba amani inaweza kuanzia kwenye viti vilivyolingana.

Nchi yao ilikuwa ndogo kiasi kwamba treni ikichelewa kufunga breki ilijikuta ng'ambo ya mpaka. Haikuwa na mafuta wala jeshi la kumtisha mtu. Ilikuwa na bandari, na ilikuwa na sifa ya kutoegemea upande wowote, sifa ambayo watu wake waliivaa kama nguo ya sikukuu. Kisha vita vikazuka baina ya mataifa mawili makubwa yaliyowabana huku na huku. Taifa moja likawalaumu kwa kuliuzia adui yake chuma, la pili likawalaumu kwa kununua mafuta ya adui yake. Ushuru ukapanda kutoka kila upande. Mwishowe mlango-bahari wenyewe, njia pekee ya meli kufika bandarini, ukafungwa: manowari za huyu zilirudisha meli zote, na mabomu ya yule yalitegwa chini ya maji. Watu wa nchi ndogo wakagundua kwamba kutokuwa na adui hakumaanishi kuwa na rafiki.

Walichobakiwa nacho ni meza hii. Wajumbe wa pande zote mbili walikuwa wamekubali kuja kuzungumzia jambo moja tu, meli za chakula. Ndani ya nyumba ilikuwa mwiko kuwataja kwa majina ya nchi zao, hivyo wafanyakazi waliwaita kwa rangi za tepe walizovaa shingoni: Kijani na Buluu.

Sheria ya ukumbi ilikuwa moja, na hata wafagizi waliijua: upande mmoja haupewi kitu ambacho wa pili haupewi, kwa wakati uleule. Ndiyo maana Rula hakuhudumu peke yake. Yeye na kijana mmoja mrefu waliingia kwa milango miwili inayotazamana, wakapiga hatua sawa, wakamimina pamoja, wakatoka pamoja. Jikoni waliwaita Mapacha, ingawa Rula alimfikia mwenzake begani.

"Leo umenitangulia, Pacha," Rula alimwambia siku ya pili ya mkutano, walipokutana kwenye ujia wa nyuma.

"Wewe ndiye uliyechelewa. Miguu mifupi hiyo, anza kutembea tangu jana."

"Na wewe punguza hatua. Ukumbini si uwanja wa mpira."

"Mama Itifaki kaona?"

"Mama Itifaki anaona hata tunayoyaota."

Mama Itifaki, mkuu wa itifaki wa nyumba ile, alikuwa mwanamke wa makamo aliyesimama kila mkutano karibu na nguzo, mikono nyuma. Hakuna aliyewahi kumwona ameketi ukumbini.

Alasiri ile, baada ya kazi, Rula alipitia kwenye kinu cha baba yake. Kilikuwa kinu cha kusaga ngano, nacho hakikuwa kimesaga hata punje tangu shehena yao irudishwe baharini. Wafanyakazi walikuja hata hivyo. Walifagia palipofagiliwa, wakapaka grisi palipopakwa grisi, wakazungumza kwa kelele. Walikuwa wamezoea kushindana na ngurumo ya mashine maisha yao yote, na sasa mashine ilipokuwa kimya hakuna aliyekumbuka kushusha sauti.

"Mwanadiplomasia wetu huyo," alipayuka fundi wa mashine, ambaye kila mtu alimwita Kelele. "Haya, tuambie, mnawalisha nini hao wakubwa?"

"Mkate, kama wewe."

"Basi na wao wana njaa." Wenzake wakaangua kicheko. "Sikia, dada. Hao wenye manowari, watilie pilipili kwenye maji."

"Nikiwatilia hao, itabidi niwatilie na wenzao."

"Watilie. Wawashwe wote."

Ukutani nyuma yake walikuwa wamebandika picha iliyokatwa gazetini: manowari ya kijivu ya Kijani, bendera ikipepea, na mbele yake meli ya ngano ikigeuza. Meli ile ilibeba ngano yao. Mtu alikuwa ameichora manowari pembe kwa kalamu ya mkaa.

Baba alikuwa nyuma ya mashine, akizungusha mkanda kwa mikono.

"Unaizungusha tupu, Baba?"

"Ikikaa sana inasahau." Alipangusa jasho kwa kiwiko. Kisha akashusha sauti, jambo lililomtia Rula hofu, kwa kuwa hakuwahi kumsikia baba yake akinong'ona mle ndani. "Mwanangu, sikuulizi siri za kazi yako. Lakini mwezi huu ukiisha na meli haijaja, nafunga. Nimewasubirisha hawa kwa ahadi, na ahadi haiingii chunguni. Sijawaambia bado."

"Wataelewana, Baba."

"Umewaona?"

"Nawaona kila siku."

"Na wana sura ya watu wa kuelewana?"

Rula alishika upande wa pili wa mkanda, wakazungusha pamoja.

Siku ya tatu kiongozi wa Buluu, mzee mnene mwenye masharubu meupe, alikatizwa na kikohozi katikati ya sentensi. Alikunywa maji ya jagi, na maji baridi yakazidi kumpalia. Uso wake ukawa mwekundu, kisha ukaelekea weusi. Wakalimani walinyamaza. Wasaidizi wake walimpigapiga mgongoni bila faida.

Rula alikuwa amesimama ukutani. Chini ya kimeza cha vyombo kulikuwa na chupa yake mwenyewe ya maji ya moto yenye asali, aliyotayarishiwa na baba yake kwa sababu baridi ya ukumbi ilimkausha koo. Hakufikiri. Alimimina kwenye kifuniko, ambacho ndicho kilichokuwa kikombe chake, akavuka zulia, akaweka kikombe mikononi mwa mzee. Mzee akanywa, akatulia, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili na kusema neno moja kwa lugha yake. Hakuna aliyelitafsiri.

Ukutani upande wa pili, Pacha alikuwa amebaki na mguu mmoja mbele, mikono mitupu, kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Kiongozi wa Kijani alikuwa mwanamume mwembamba, mkimya. Alikitazama kikombe. Akamtazama Pacha. Kisha akavua miwani, akaikunja, akasema maneno machache kwa sauti ya chini.

"Mheshimiwa anasema," mkalimani alieleza, "tuliambiwa nyumba hii haina upande."

Ujumbe mzima wa Kijani ukasimama na kutoka.

Jua lilikuwa bado juu redio ilipotangaza kwamba mazungumzo yamevunjika. Rula aliitwa ofisini kwa Mama Itifaki, akamkuta amevua viatu, ameweka miguu juu ya katoni.

"Kaa, mwanangu. Si hapo, hapo pana nyaraka. Hapa."

"Samahani, Mama."

"Samahani iweke akiba, kesho utaihitaji."

"Mzee wa watu alikuwa anakufa."

"Hajafa. Na kama angetaka kufa, kuna daktari mlangoni. Tena wawili, kila mlango na wake." Alikanda kisigino chake. "Wamekubali kurudi kesho asubuhi, kwa maelezo tu. Nimezungumza mpaka ulimi umeota sugu. Utakuja na chupa yako. Utampa kiongozi wa Kijani kile ulichompa mwenzake, kwa mkono uleule, mbele ya macho yaleyale. Utasema lilikuwa kosa la kiutumishi na halikuwa na maana yoyote. Baada ya hapo utanyamaza."

"Lakini lilikuwa na maana," Rula alisema. "Ulikuwa ni ubinadamu tu, Mama. Angekohoa yule wa Kijani, ningefanya vilevile."

"Ungefanya?"

"Ndiyo."

"Umejibu upesi," Mama Itifaki alisema. "Nenda kapumzike."

Rula alitembea kuelekea nyumbani huku maneno yale yakimchemka kifuani. Alijitungia hotuba. Alijiona amesimama mbele ya meza, akiwaeleza wakubwa wa dunia kwamba mwenye huruma hachagui. Alipita mbele ya duka la mkate, ambapo foleni ilizunguka kona na watu walisogea bila kuzungumza. Alipita mbele ya duka la vitambaa lililoandikwa kwa chaki kwamba limefungwa hadi hapo itakapotangazwa. Hotuba ilizidi kunoga. Kila aliporudia sentensi ile, "Angekohoa yule mwingine ningefanya vilevile," aliifanya fupi na kali zaidi.

Ilikuwa pale, kwenye kivuko cha barabara, akisubiri lori lipite, sentensi ilipomkwama.

Alikumbuka siku ya kwanza. Kiongozi wa Kijani alikuwa ameingiza mikono yake chini ya makwapa. Siku ya pili alikuja amejifunga skafu ndani ya koti, na vidole vyake vilipokuwa vikifunua karatasi vilikuwa na rangi ya majivu. Rula aliviona. Kazi yake ilikuwa kuona. Mle ndani mlikuwa na baridi ya kutosha kumgandisha mtu, na mtu yule alikuwa anatetemeka umbali wa hatua chache kutoka kwenye chupa ya maji ya moto. Naye Rula hakunyanyua hata kidole. Alikuwa ameshika sheria. Si hivyo tu: mahali fulani chini ya sheria, alikuwa ameona raha. Agande, alijisemea wakati ule, akiwa na picha ya manowari kichwani.

Lori lilipita, na la pili likapita, naye alikuwa bado amesimama. Mabomu ya Buluu yaliyolala chini ya maji hayakuwa yamepigwa picha na mtu. Hakuna aliyeyabandika ukutani na kuyachora pembe. Kwa sababu hiyo tu, mzee mwenye masharubu alikuwa kwake mzee tu, na yule mwembamba alikuwa manowari.

Aliyelalamika alikuwa na haki. Wazo hilo lilikuwa chungu kuliko kufukuzwa kazi.

Asubuhi, ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye viti vya nyuma. Rula alivuka zulia na chupa yake, akamimina kwenye kifuniko kilekile na kukiweka mbele ya kiongozi wa Kijani. Mvuke ulipanda kati yao.

"Lilikuwa kosa la kiutumishi," alianza, akanyamaza.

Mtu yule alisema kitu.

"Mheshimiwa anasema yeye hakohoi," mkalimani alitafsiri.

"Naona, Mheshimiwa."

"Anauliza, sasa anywe kwa sababu gani?"

Rula alitazama nguzo aliposimama Mama Itifaki. Mama alitikisa kichwa kidogo sana, ishara ya mtu anayeomba tafadhali.

"Kwa sababu unaona baridi," Rula alisema. "Tangu siku ya kwanza unaficha mikono. Niliona, na sikukuletea kitu."

Wakalimani wawili walifanya kazi kwa wakati mmoja, na maneno yake yakafika pande mbili za meza kwa kupishana. Alisubiri hadi wote wawili walipomaliza.

"Anauliza kwa nini."

"Baba yangu ana kinu cha ngano. Ngano yake ilirudishwa na manowari yenu. Nilitaka uendelee kuona baridi." Alikuwa ameshaanza. "Jana ulisema tuliahidi kutokuwa na upande. Nyumba hii haina, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nao. Ulikuwa na haki ya kusimama."

Upande wa Buluu, mzee mwenye masharubu alianza kutabasamu. Rula alimgeukia.

"Na wewe, Mheshimiwa, mabomu yenu ndiyo yaliyofanya meli nyingine zisithubutu hata kujaribu. Sikuyafikiria kwa kuwa hayaonekani. Kikombe nilikupa kwa sababu ulikuwa unakohoa, na pia kwa sababu niliyasahau."

Tabasamu la mzee lilififia polepole, kadiri mkalimani wake alivyosonga mbele. Pacha alikuwa anatazama viatu vyake. Kutoka kwenye nguzo ulisikika mkwaruzo mdogo: Mama Itifaki alikuwa amevuta kiti, ameketi.

Kiongozi wa Kijani alikizungushia kikombe viganja vyake. Hakunywa. Alitazama mvuke, na aliposema hakumwambia Rula bali meza nzima.

"Mheshimiwa anasema ni kweli. Humu ndani kuna baridi."

Mzee wa Buluu alijikuna shavu. "Mheshimiwa wetu," mkalimani wa pili alisema, akisita, "anasema hata yeye. Ndiyo iliyomletea kikohozi. Anauliza ni nani aliyeiweka baridi hii."

Macho yote yakaelekea kwa Mama Itifaki. Alisimama, akanyoosha sketi yake.

"Kiyoyozi kiliwekwa hivyo na wageni wa vita vingine, waheshimiwa," alisema. "Zamani kidogo. Walikuwa watu wa nchi za baridi, wamevaa makoti mazito. Waliafikiana, tukakiacha hapo. Tangu wakati huo hakuna upande uliowahi kuomba kibadilishwe, na sisi haturuhusiwi kukigusa bila kuombwa na pande zote mbili."

"Hakuna aliyeomba?" aliuliza mmoja wa wasaidizi.

"Nadhani kila mmoja alihofia kuonekana ndiye wa kwanza kushindwa."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anasafisha koo. Rimoti ikaletwa juu ya sinia na kuwekwa katikati ya meza, na rula ya chuma ikahakikisha kwamba ni katikati kweli. Walijadiliana kuhusu nyuzi za joto mpaka wakati wa chakula cha mchana. Buluu walitaka chini kidogo, Kijani juu kidogo. Mara moja walitaka kuahirisha ili wawasiliane na miji mikuu yao. Hatimaye waliafikiana, na maafikiano hayo yakaingizwa kwenye kumbukumbu za mkutano kama kipengele cha kwanza. Hakukuwa na kipengele cha pili kwa siku nyingi.

"Angalau umewatukana sawasawa," Mama Itifaki alimwambia Rula ofisini. Safari hii viatu vilikuwa miguuni. "Lakini ukumbini hurudi tena."

"Najua, Mama."

"Hujui. Unadhani wamekukataa. Kila upande umeomba uwe mhudumu wao." Alipiga mhuri karatasi na kumsogezea. "Ndiyo maana huwezi kumhudumia yeyote. Utakuwa stoo ya vyombo. Na Pacha wako analia jikoni, kamwambie aache, tumempatia msichana wa urefu wake."

Stoo ya vyombo haikuwa na dirisha. Rula alihesabu sahani, alipangusa majagi ambayo sasa mtu mwingine aliyajaza, na alisikia habari za ukumbini kupitia kwa Pacha, aliyekuja kila alipopata nafasi, akaegemea mlango na kumsimulia kwa pupa. Wamegombana. Wamenyamaza. Wamerudi. Yule mwembamba sasa anavua koti. Mwezi ulizidi kuyeyuka, na jioni, kinuni, baba yake hakuuliza kitu. Alikuwa ameanza kuwatazama watu wake mmoja mmoja kwa namna ya mtu anayetafuta maneno.

Kisha Pacha alikuja akikimbia, jambo ambalo lilikatazwa ujiani.

"Meli moja," alisema, akihema. "Ya majaribio. Manowari itaipisha, wenzao wataionyesha njia katikati ya mabomu. Watu wao watapanda pamoja kuikagua, huku kwetu, nje ya bandari. Wakiridhika wote, inaingia. Mmoja asiporidhika, inarudi."

"Ngano?"

"Ngano. Itagawiwa kwa vinu vyote. Baba yako yumo."

Siku meli ilipotarajiwa, nusu ya mji ilishuka bandarini. Rula alikuwa ameomba ruhusa, na baba yake alikuwa amevaa shati lake la kutokea. Walisimama kwenye ukuta wa mawe unaozuia mawimbi, wamebanwa na watu waliobeba watoto mabegani. Hakukuwa na shamrashamra. Watu walitazama kama wanavyotazama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Meli ilikuwa pale, mbali kidogo, kubwa na chafu, imezama majini kwa uzito wake. Imetia nanga. Boti mbili ndogo zilikuwa zimeiendea tangu asubuhi, moja kutoka kila upande, na sasa watu walikuwa wanapanda ngazi ya kamba ubavuni mwake. Kwa umbali ule walikuwa vijiti tu, na vazi la mmoja halikutofautiana na la mwingine.

"Yupi ni yupi?" Baba aliuliza.

Rula alifinya macho. Mmoja wa wale watu aliteleza kwenye ngazi, akaning'inia. Aliyekuwa juu yake aliinama, akanyoosha mkono, akamvuta.

"Sijui, Baba," alisema. "Kutoka hapa sioni."

Wakaguzi walipotelea ndani ya meli. Jua lilisogea. Mwanamke aliyekuwa karibu nao alimbadilisha mtoto bega. Hatimaye kitu kikaanza kusogea kwenye pua ya meli, mnyororo wa nanga, mweusi na mnene, ukimeta kwa maji.

Baba yake alimshika kiwiko. "Inang'oa nanga. Inaingia au inarudi?"

"Subiri," Rula alisema, akisimama kwa ncha za vidole. "Subiri kidogo, Baba."